Pumba Chini ya Gunia

Mpitimbi, Songea
Jumamosi alasiri

Mwanangu Sekunda,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi kutoka Maposeni kwa bibi yako, kwa hiyo hapa naziruka. Ukiikuta barua hii juu ya sanduku lako usishangae mtu kumwandikia mtu anayelala chumba cha pili. Unanijua. Nikiyafikia mambo kama haya mdomo wangu unakata kona, unaanza habari za mbuzi na paa linalovuja. Kwenye karatasi nashindwa kukimbia, maana karatasi imekaa tu inanisubiri.

Sitaandika kuhusu sweta wala sabuni. Sweta umeshaifunga, na kuamka mapema masista watakufundisha upende usipende. Mahubiri pia sina. Nilihubiri sana zamani, na hapa chini utaona mahubiri yale yalizaa nini.

Ninaandika kwa sababu ya Jumatano. Ulikuwa umeinama jikoni unachochea moto, mimi nimekaa kwenye kigoda, ukaniuliza bila kugeuka, "Baba, Jumapili unanitoa?" Nikasema, "Si nilishakubali?" Ukasema, "Kukubali siyo kutoa, Baba. Kama hunitoi mwenyewe kwa moyo wako, mimi siendi. Nitawaambia masista wanifute." Halafu ukapakua ugali, tukala. Mimi nilikula mpaka ukoko, nikanawa, nikaenda kufunga mbuzi. Sikukujibu, na wewe hukurudia.

Sasa ni siku ya tatu. Kesho ni Jumapili ya mavuno, na baada ya misa gari la masista linakuchukua kukupeleka utawani. Padri amepanga kwamba wakati wa matoleo nikushike mkono, tuandamane na wenye magunia mpaka mbele ya altare, aniulize mbele ya watu kama nakutoa kwa Mungu kwa hiari yangu. Kanisa zima litasikia jibu langu. Ila anayelisubiri kweli ni wewe, na safari yako imesimama hapo.

Nikuambie ukweli, mwanangu. Tangu Jumatano nimejipekua ndani nione kama kuna huzuni au furaha, sioni. Pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ni hivyo tangu tulipomzika mama yako. Watu walinisifu, wakasema Meinradi ni mwanaume, hakudondosha chozi. Sikuwa mwanaume wa namna hiyo. Nilikuwa nakisubiri kilio kije, nacho hakikuja, mpaka watu wakaanua matanga wakarudi mashambani kwao. Basi mtu wa hivyo ndiye kesho anaulizwa kama anatoa kwa moyo mkunjufu. Ndiyo maana nimeona nianzie mbali kidogo, kwenye lile bambo.

Bambo unalijua. Ni kile chuma kilichochomekwa juu ya mlango wa jikoni, chenye ncha kali na mfereji katikati, ambacho ukiwa mdogo ulikuwa unafukulia mihogo kwenye majivu mama yako asipoona. Nilipokuwa mtunza ghala wa ushirika hapa kijijini, kazi yangu ilikuwa ndani ya chuma hicho. Gunia linaletwa limeshonwa mdomo. Hulifungui. Unalichoma upande wa chini, punje zinateleza kwenye mfereji mpaka kwenye kiganja chako, unaangalia. Kama mahindi yamebunguliwa, utaona. Kama kuna mchanga, utaona. Mkulima anaweza kuapa kwa mama yake mzazi, lakini bambo likishatoka humo hana tena la kusema. Vijana wakaniita Bwana Bambo, na mimi nikajifanya sipendi.

Watu wa kigango chetu waliponichagua mwenyekiti wa kamati ya matoleo, nadhani walimchagua yule Bwana Bambo. Walidhani mtu mkali kwa ushirika atakuwa mzuri kwa Mungu.

Ulikuwa darasa la tatu. Ile ilikuwa miaka ambayo mambo yaligeuka, ruzuku ya mbolea imeondolewa, na mfuko mmoja wa chumvichumvi umekuwa kitu cha kutazama dukani na kuondoka. Mahindi yalisimama shambani ya njano kama yana homa. Ushirika ulichukua mavuno ukatoa vikaratasi, ukasema fedha zinakuja. Wakati huohuo wakaanza kuja watu na malori yao na fedha mkononi. Hao jana yake tulikuwa tunawaita walanguzi, sasa tukawaita wafanyabiashara na tukawakaribisha viti. Mkulima alimpa mwenye lori mahindi mazuri, na yale ambayo mwenye lori alikataa akayaleta kanisani. Jumapili ya mavuno altare ilizungukwa na mahindi yaliyotoboka. Ukipita karibu unawasikia wadudu wanatafuna.

Nilikasirika. Miaka mingi nilijiambia nilikasirika kwa niaba ya Mungu, lakini sivyo. Padri alikuwa akisoma matoleo ya kila kigango, akianza na kilichotoa vizuri zaidi, na chetu kilisomwa mwisho. Nikaita kamati. Nikawakumbusha Kaini, jinsi alivyoleta mavuno hovyo na Mungu asiyatazame. Nikatoa amri mbili. Ya kwanza, mtu mwenye chini ya debe moja haandamani na wenzake wakati wa matoleo. Kidogo chake akiweke mlangoni. Ya pili, magunia yatakaguliwa. Hakuna aliyeuliza yatakaguliwa kwa kitu gani.

Nyumbani nilimsimulia mama yako jinsi kamati ilivyopitisha. Alikuwa anapukusa maharage. Akasema, "Na mtu wa bakuli atapita wapi?"

"Nimesema ataweka mlangoni. Mungu ataona."

Aliendelea na maharage yake.

Sasa kumbuka mavuno yalivyokuwa kabla ya hapo. Ngoma inaanzia nje, chini ya mti wa kengele. Wanawake na madebe kichwani, wanaume nyuma yao wanapiga miguu kama kwenye ngoma ya lizombe, vumbi linaingia mpaka ndani ya kanisa. Mbele ya wote ni Mama Otmari, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mjane, ambaye mwanawe alikwenda kwenye tumbaku Namtumbo akasahau njia ya kurudi. Mama yule alicheza na mzigo kichwani bila kuushika. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani. Mzee mmoja alisema Mama Otmari akicheza hata mwenye deni na wewe unamsalimia vizuri. Padri alikuwa anamsubiri amalize ndipo misa iendelee, na alikuwa hamalizi upesi.

Mwaka wa amri zangu alikuja na kiroba kimejaa, kimeshonwa vizuri. Mimi nimesimama kwenye ngazi ya altare na koti langu la kazini, bambo kwenye mfuko wa ndani. Waliotangulia kuteremsha walikuwa wanne. Nilichoma, yakatoka mahindi meupe, nikatikisa kichwa kama ofisini. Yeye aliteremsha akiwa bado anahema kwa kucheza na uso unang'aa kwa jasho. Nikachoma chini. Zikatoka pumba. Nikachoma upande wa pili, pumba.

Hapo ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ameona isipokuwa yeye na mimi. Badala yake nikasema kwa sauti, "Wakristo, tazameni," nikakata uzi, nikakiinamisha kiroba. Mahindi yalikuwa bakuli tatu hivi, juu tu. Yaliyofuata ni pumba na magunzi yaliyokatwakatwa, yakasambaa mpaka kwenye mkeka wa watoto. Ngoma ikanyamaza. Wewe ulikuwa kwenye mkeka ule. Uliinuka ukaanza kuziokota punje unatia kwenye gauni lako, nadhani ulifikiri mama wa watu amemwaga kwa bahati mbaya. Nikakuambia, "Sekunda, acha." Ukaacha, na punje mkononi. Sijui ulizipeleka wapi.

Mama Otmari hakulia. Aliziangalia zile pumba, akaniangalia mimi, akakiokota kiroba kitupu akakikunja mara nne taratibu, kama mtu anayekunja kanga, akatoka kwa mlango mkubwa. Hajarudi kanisani tangu siku ile, na ni miaka tisa.

Nilipofika nyumbani mama yako aliniandalia chakula, akakaa mbele yangu, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. Akasema, "Meinradi, na siku Mungu akikuchoma wewe na hicho chuma, kitatoka nini?"

Nikasema, "Mahindi safi." Nilisema nikiwa natafuna, mwanangu. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Mwaka uliofuata kigango chetu kilisomwa cha kwanza. Magunia yalikuwa yamejaa, hata punje moja yenye tundu huioni. Ngoma ilipigwa vilevile. Ila hakuna aliyecheza. Watu walitembea kwa mstari, wakateremsha, wakasimama pembeni kusubiri nichome, wakarudi viti vyao kama watu waliotoka mizani. Nami nikaona huu sasa ndio utaratibu.

Mama yako alikuwa mtu wa namna nyingine, na naona aibu kwamba niliishi naye miaka yote ile bila kumtazama vizuri. Unakumbuka ile sweta yangu ya kahawia? Alimpa kibarua mmoja aliyekuwa anapita kwa miguu kwenda Namtumbo, mwezi wa saba, baridi inauma. Nilirudi nikakuta msumari mtupu. Nikafoka sana. Akaniambia, "Si kila siku unalalamika inakuwasha?" Halafu akacheka, akaenda kuniletea blanketi nijifunike. Nilimwambia kutoa kuna mpango wake, siyo kugawa vitu kama anayefukuza kuku. Yeye alitoa akiwa anafanya kazi nyingine, bila kuacha kuimba, na akishatoa hakigeukii tena kile kitu. Mimi nilitoa gunia zima kila mwaka, la kwanza kusomwa, na nikitoka hapo nililiwaza wiki mbili.

Halafu ushirika ukafa. Tuliambiwa tumepunguzwa. Ghala akalikodi mtu wa mjini akaweka soda na mitumba. Kiinua mgongo tulichoahidiwa hakikufika. Kilichofika nyumbani ni bambo, kwa kuwa lilikuwa kwenye koti. Nililichomeka juu ya mlango, nikakaa chini. Nilikuwa mtu ambaye kwa miaka alikuwa anaambiwa "mzee" na watu waliomzidi umri, na ghafla hakuna wa kunipa zaidi ya salamu ya njiani.

Mwaka uleule kifua cha mama yako kikaanza. Hayo uliyaona mwenyewe, sitayarudia. Ninachotaka kukuambia ni asubuhi moja ambayo wewe ulikuwa shule. Unga ulikuwa umekwisha, mgonjwa kitandani, mimi nimekaa mlangoni najifanya natengeneza mpini wa jembe. Nikasikia mtu anakuja anaimba. Alikuwa Mama Otmari na ungo kichwani, umefunikwa kanga. Miaka kadhaa hatukuwa tumesemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba. Akaingia kama aliyetumwa, akauweka ungo mbele yangu, akafunua. Unga mweupe, umejaa.

Na mimi, Sekunda, nikatia mkono. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe mpaka chini kabisa, unga ukanifika kwenye kiwiko, vidole vinatafuta kule chini kuna nini. Nilipoinua macho alikuwa ananiangalia.

"Baba Sekunda," akasema, "umefika chini?"

"Nimefika."

"Umekuta nini huko?"

"Unga."

"Unga mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Na kule chumbani, mama yako ambaye alikuwa amesikia kila kitu, naye akacheka, anacheka anakohoa, anacheka tena. Mama Otmari akasema, "Haya basi, bandika maji, mgonjwa ana njaa." Nikabandika maji na mkono wangu mweupe vilevile. Ile ndiyo mara ya mwisho kumsikia mama yako akicheka.

Niliona aibu, na aibu ile ndiyo kitu cha mwisho ninachokumbuka kukihisi vizuri. Jioni ukaniambia ulipitia kwake kuomba moto ukamkuta anakula maboga matupu. Nikajua unga ule ulikuwa umetoka wapi. Hata hivyo sikwenda kumwomba radhi. Alileta tena na tena mpaka msiba, na mimi kila mara nilisema "asante" kama mtu anayetia saini. Nilijitoa kwenye kamati, hilo nililifanya, lakini kimyakimya, nikasema ni afya. Watu wakachagua mwingine, amri zangu zikaendelea kwa nguvu ya mazoea. Mpaka leo wenye bakuli wanaweka mlangoni.

Sasa nakuja kwenye gunia langu mwenyewe.

Alhamisi, baada ya swali lako, nilikaa nikapanga. Niliona nitajibu ndiyo, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Utakwenda. Halafu Noeli ikikaribia nitamtuma mtu wa lori awaambie masista baba yake Sekunda yu hoi. Utakuja mbio, nawe utanikuta nimelala na blanketi la mama yako. Nilikuwa nimeshachagua hata ugonjwa. Ni mgongo, kwa sababu mgongo daktari hauoni. Ungesema unakaa wiki mbili. Wiki mbili zingekuwa msimu wa kupanda, kisha palizi, na masista wangeandika barua moja, ya pili wasiandike. Nyumba hii ingebaki na mtu wa kuchochea moto. Usidhani nilikuwa nalia nilipokuwa napanga. Nilipanga bila kuhisi kitu, kama mtu anayepanga magunia, la chini, la juu yake, la juu yake tena.

Jana ulikuwa unafunga sanduku. Ulizichukua zile kanga mbili za mama yako, ukazikunja mara nne, taratibu. Nilikuwa mlangoni. Nikaona kile kiroba kitupu. Nikaona pia gunia ambalo nilikuwa nimelishona kwa ajili ya Jumapili, juu mahindi meupe ya kuonyesha watu, chini yake mgongo wangu. Swali la mama yako nilikuwa nimelijibu nikitafuna, na hili ndilo jibu lake.

Basi leo asubuhi ulipoondoka tu kwenda Maposeni, nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa sasa wa kamati, kisha nikavuka kijito.

Mama Otmari alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikasema shikamoo, akasema, "Marahaba, Baba Sekunda. Umekuja na chuma?" Nikasema kipo nyumbani. Akanisogezea gogo nikakaa, akanisogezea na magunzi yenye mahindi, tukapukuchua wote. Ni rahisi zaidi kusema mikono ikiwa na kazi. Nikasema, "Mama, mwaka ule nilikuaibisha mbele ya watu."

"Uliniaibisha, ndiyo," akasema. Hakusema si kitu, wala hakusema yamepita. Nilimshukuru kwa hilo.

Nikamwomba msamaha. Akasema atanisamehe, lakini kwanza nimalize yale magunzi yaliyo mbele yangu, maana nimeanza kupunguza mwendo. Nilipoyamaliza nikamuuliza kitu ambacho kwa miaka tisa sikuwahi kujiuliza, kwa nini aliweka pumba.

Aliniangalia kama ananihurumia. "Wewe si ndiye ulisema mwenye chini ya debe haandamani? Mimi mwaka ule nilivuna vibakuli. Nikaona mavuno yatapita sijacheza." Akapuliza pumba kiganjani. "Mungu sikumdanganya. Yeye alinijua nina bakuli tatu, nilimwambia tangu nyumbani wakati nashona. Zile pumba zilikuwa zako wewe, ili unipishe nipite."

Miaka tisa, Sekunda, nilikuwa najisikia vibaya kwa kumwaibisha mwizi. Nilidhani kosa langu lilikuwa ukali. Kumbe mama yule alikuja kutoa vyote alivyovuna, na hakuwa na shida nyingine duniani isipokuwa kucheza wakati anatoa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na amri. Nilikuwa nimesikia kila mavuno kwamba Mungu humpenda mtoaji mchangamfu. Yule mmoja tuliyekuwa naye nilimtoa nje mwenyewe, nikapigiwa makofi na moyo wangu.

Nikamwambia shida yangu, swali lako, na ganzi hii, na hata habari ya mgongo. Alicheka ya mgongo. Kisha akasema, "Unasubiri ufurahi ndipo umtoe. Mimi sijawahi kusubiri. Kuna miaka nilikwenda kanisani na njaa, Otmari haandiki, moyo mzito kabisa. Miguu ndiyo ilianza. Moyo ukafuata mbele ya safari. Mwaka mwingine haukufuata kabisa, nikarudi nyumbani hivyohivyo, lakini nilikuwa nimeshatoa."

Nikamwomba kesho asimame upande wa mama yako tutakapokupeleka. Alipukuchua gunzi moja mpaka likaisha. Nilidhani atakataa, na angekuwa na haki.

"Mwaka huu pia nina kibakuli tu," akasema.

"Njoo nacho."

"Niweke mlangoni?"

"Uje nacho mpaka mbele. Nimepita kwa mwenyekiti asubuhi, nimemwambia amri ile ilikuwa yangu na naifuta. Amesema alikuwa hajui hata ilianzia wapi."

"Na kile chuma chako ukiache nyumbani."

"Nitakiacha."

"Na huo uso wa ghalani, uuache pia, kama unaweza."

Nikamwambia uso siwezi, umeshagandia. Akasema, "Haya. Basi tutaangalia miguu."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, mwanangu. Huko unakokwenda utaahidi kutokuwa na mali, na naogopa kidogo kwa ajili yako, maana mtu asiye na gunia anaweza bado kutembea na bambo. Utaona sista mwenzako anayesali kwa haraka, au anayehudumia wagonjwa huku amenuna, na mkono wako utataka kwenda chini kuona ana nini. Wewe ni binti yangu, mkono huo unao. Ukipewa uji, kunywa uji. Na siku utakayokuwa umetoa kila kitu na ndani hupati furaha uliyoahidiwa, usijishone mdomo ukajifanya umejaa. Sema una bakuli tatu. Anajua.

Pumba zangu nimezimwaga hapa mwenyewe, kabla ya kesho, ili usizikanyage njiani. Ukisikia naumwa mgongo, usije. Ukiona huko hapakufai, rudi, njia ni ileile na sitamruhusu mtu yeyote aseme nilishakutoa. Mbuzi nitawaangalia. Kuchochea moto nitajifunza, nimeshaanza, na ndiyo maana utakuta jikoni pananuka moshi.

Jibu langu la Jumatano ni hili: nakutoa. Kesho Padri akiniuliza nitasema neno hilohilo. Usigeuke kunitazama usoni kutafuta kama nimefurahi, kwa sababu sijui kama nitakuwa nimefurahi, na kukudanganya nimechoka. Mama Otmari atakuwa mbele na kibakuli chake, wewe utafuata, mimi nyuma yako. Tangu nilipoinyamazisha ngoma ile sijacheza. Ikianza kesho, sikiliza miguu yangu.

Baba yako,
Meinradi